Blogu ya kamisheni kutoka Dodoma: jina, hesabu na njia ya kufika kwenye tuzo

Kabla hujalipia jina la tovuti, chukua karatasi uorodheshe vitu ambavyo mtu wa Dodoma hununua kwa kusitasita: vya bei, visivyonunuliwa kila wiki, ambavyo mnunuzi huulizia kwa watu watatu wanne kabla ya kutoa hela. Tangi la maji, pampu ya sola, mbegu za alizeti, mashine ndogo ya kukamua mafuta, kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa UDOM, vigae. Kamisheni, yaani fungu ambalo muuzaji anakulipa msomaji wa blogu yako anaponunua, inatoka kwenye kusitasita huko. Sukari na sabuni hazihitaji blogu, mtu anatuma mtoto dukani.

Mfano tutakaoufuata hapa ni blogu ya maji ya nyumbani. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zimeota Iyumbu, Nala, Msalato na Nkuhungu, na kila mwenye nyumba mpya anakutana na swali lilelile: maji nitayahifadhi wapi, na kwa shilingi ngapi? Pima wazo lako kwa namna hiyo. Je, unaweza kutaja maswali thelathini ya kweli ambayo watu wanayauliza juu yake? Yupo muuzaji anayepatikana, mwenye stoo, anayeweza kukulipa? Na baada ya kutoa kamisheni, muuzaji huyo anabaki na faida? Swali la tatu ndilo linaloangusha wengi, maana bidhaa yenye faida nyembamba huanza kulipa vizuri, kisha mwenye duka anaanza kukukwepa.

Mvinyo wa zabibu za Dodoma unavutia kuuandikia, lakini matangazo ya pombe yana masharti ya umri kwenye mitandao ya kijamii, na chupa ni mzigo wa tabu kusafirisha. Uache uje baadaye. Kamari nayo inalipa kamisheni nono, na kwa maoni yetu hakuna kinachochafua jina la blogu haraka kama hiyo. Msomaji aliyeliwa hela hasahau nani alimpeleka.

Jina

Lijaribu kwa simu. Mpigie mtu, mtamkie jina mara moja tu, mwambie aliandike. Akikosea, litupe. Tarakimu, vistari na herufi zilizorudiwa ndizo zinazokoseshwa zaidi. Usiweke mwaka ndani ya jina, na usiweke chapa ya mtu mwingine: Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, kwa mfano, hairuhusu mawakala wake (wanaolipwa kwa kuipelekea wanunuzi) kutumia jina lake kwenye anwani za tovuti zao, na akaunti hufungwa kwa kosa hilo. Angalia hata maneno ya mtaani. “Simtanki” tunaliita tangi lolote la plastiki, ila ni chapa ya kampuni. Kwenye makala litumie kwa mahali pake, kwenye jina la blogu usiliguse.

Kuweka “Dodoma” ndani ya jina kunasaidia mwanzoni kwa sababu watu hutafuta Google kwa jina la mji. Lakini kama una nia ya kuwaandikia pia watu wa Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa, jina hilo litakubana mapema.

Ukishapata majina mawili matatu, kaa siku moja uyakague yote kwa pamoja: mfumo wa mtandaoni wa BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) kuona kama jina la biashara limeshachukuliwa, kisha anwani ya .co.tz kwa msajili aliyeidhinishwa, kisha Instagram, Facebook, TikTok, YouTube na X. Unataka neno lilelile kila mahali. Ukikuta Instagram imechukuliwa na mtu anayeuza kitu cha aina yako, achana nalo hata kama .co.tz ipo wazi. Utakuwa unampelekea wateja.

Anwani isajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako na simu yako. Mchezo unaoumiza watu wengi ni huu: fundi wa tovuti anasajili kila kitu kwa akaunti yake, mwaka unapita, mnagombana kwa elfu hamsini, na blogu yenye makala mia inabaki mikononi mwake. Mlipe fundi kazi yake, lakini nywila ya msajili na ya hosti (kampuni inayohifadhi tovuti) uwe nazo wewe, na kumbusho la kulipia upya uliweke mwezi mmoja kabla.

Kusajili jina la biashara BRELA kunakupa uhalali wa kufungua akaunti ya benki na kutia saini mikataba kwa jina hilo. Hakukupi ulinzi wa chapa. Alama ya biashara ni maombi mengine, BRELA hukohuko, na ikisajiliwa inadumu miaka 7, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara; Zanzibar wana ofisi yao. Kwa blogu changa tunashauri usikimbilie alama ya biashara kabla kamisheni haijaanza kuingia kila mwezi. Lakini usiombe tuzo yoyote kubwa bila kuwa nayo au angalau bila kuwa umeshaiomba, kwa sababu tuzo hulitangaza jina lako kwa watu wasio na nia njema pia.

Sura ya blogu

Rangi mbili zinatosha, moja iwe nzito ya kuandikia. Zijaribu nje, juani, saa saba mchana, simu ikiwa kwenye mwanga wa nusu: kijivu kwenye nyeupe kinachopendeza ofisini hakisomeki kwenye kijiwe cha bodaboda. Andika namba za rangi hizo (zile zinazoanza na alama ya reli, #) mahali pamoja ili kila anayekutengenezea bango atumie zilezile.

Nembo iwe na umbo linaloingia kwenye mraba, kwa sababu itaonekana zaidi kama kiduara kidogo cha wasifu kuliko bango kubwa. Tunza faili la asili linaloweza kukuzwa bila kuchakaa, aina ya SVG, na nakala ya PNG ya pikseli 512 kwa 512, ambayo WordPress huitumia kama ikoni ya tovuti. Kila makala iwe na picha ya kushirikishia ya 1200 kwa 630. Ikiwa nzito mno, WhatsApp inaweza kutoionyesha, na kiungo kisicho na picha kwenye kundi la WhatsApp hakibonyezwi.

Picha za bidhaa upige mwenyewe. Simama dukani Majengo au Sabasaba, omba ruhusa, weka futi ya fundi karibu na bidhaa ili vipimo vionekane. Picha za katalogi kila mtu anazo, lakini ya tangi lenye futi pembeni hana mwingine. Zipunguze ziwe faili za aina ya WebP, chini ya kilobaiti 120 kila moja, maana msomaji wako ananunua bando la siku.

Halafu andika ukurasa mmoja wa mtindo wa nyumba: bei inaandikwaje (Sh 350,000 au 350k, chagua moja), msomaji anaitwaje, tarehe inakaa wapi, maneno gani hutumii kamwe. Blogu inayoandikwa na watu wawili bila ukurasa huo inasikika kama redio mbili zimewashwa chumba kimoja.

Karatasi za serikali

Hapa tupite haraka, ila usiruke. TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA ni ya lazima pale unapoanza kupokea kamisheni. Kampuni ya ndani inayokulipa inaweza kukukata kodi ya zuio. Ikikata, dai cheti cha makato hayo kila mara, maana ndicho utakachoonyesha kwenye hesabu zako za mwaka.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina kanuni za maudhui ya mtandaoni: zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Ukiandika habari na matukio uko kundi moja, ukiandika ushauri wa matangi uko kwingine. Fika ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma na maelezo ya ukurasa mmoja ya blogu yako, uambiwe kundi lako, na jibu ulipate kwa maandishi.

Ukikusanya majina, namba za simu au barua pepe za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC. Weka ukurasa wa faragha unaosema unakusanya nini, kwa nini, na mtu anajiondoaje. Usiuze orodha, wala usimpe muuzaji namba za watu ambao hawakukubali.

Wauzaji: wa hapa na wa nje

Wa hapa kwanza. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, na mitandao mikubwa ya uwakala haina maduka mengi ya huku. Kwa hiyo makubaliano utayafanya ana kwa ana na mwenye duka. Usiende mikono mitupu. Nenda na makala mbili zilizokwisha kusomwa na picha ya skrini ya Search Console (huduma ya Google ya takwimu za utafutaji) inayoonyesha watu walitafuta nini mpaka wakakufikia. Ongea na mwenye mali mwenyewe, kijana wa kaunta hawezi kukuahidi kitu.

Mkataba uwe ukurasa mmoja au mbili, wenye mambo haya: kamisheni ni kiasi gani na inahesabiwa juu ya bei ipi (kabla ya usafiri, baada ya punguzo), mauzo yanahesabiwa kuwa yako kwa ushahidi gani, mteja aliyekuja kwako akanunua baada ya siku ngapi bado ni wako (siku 30 ni ombi la haki kwa kitu kama tangi), bidhaa ikirudishwa inakuwaje, malipo ni tarehe ngapi, na kila upande unajitoaje. Kwa bidhaa ambazo bei yake inapanda na kushuka, tunapendelea kiasi maalumu kwa kila kitu kilichouzwa, tuseme Sh 10,000 kwa tangi, kuliko asilimia. Asilimia inazaa ubishi kila mteja anapopewa bei ya kirafiki.

Wa nje sasa. Programu ya uwakala ya Amazon ilianza 1996 na ndiyo inayojulikana zaidi, lakini ipime vizuri. Msomaji wa Ilazo haagizi tangi Marekani. Amazon inafaa kama unaandika kwa Kiingereza kwa wasomaji wa nje, kwa mfano mwongozo wa kutembelea michoro ya mapangoni ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ambapo msafiri ananunua darubini, kofia na mkoba kabla ya kupanda ndege. Kuki yake (alama ndogo inayobaki kwenye kivinjari kuonyesha kwamba wewe ndiye uliyemleta mteja) inadumu saa 24 tu tangu mtu abonyeze. Bidhaa ikiingia kikapuni ndani ya saa hizo, muda unaongezeka mpaka kikapu kiishe nguvu, kama siku 90. Mwombaji mpya anatakiwa apate mauzo 3 ndani ya siku 180, la sivyo akaunti inafungwa. Hivyo usijisajili siku ya kwanza, subiri uwe na wasomaji. Viungo vyake usivichape kwenye vipeperushi, ni kinyume cha masharti, na kabla ya kuvituma kwa barua pepe soma masharti yake ya sasa.

Awin na CJ ni mitandao inayokusanya wauzaji wengi pamoja, na kila muuzaji ana muda wake wa kuki na kiwango chake. Kabla ya kuomba, hakiki njia ya malipo. PayPal Tanzania inatuma fedha lakini haipokei, kwa hiyo wengi hupitia Payoneer (huduma ya kupokea malipo kutoka nje) kisha benki. Jina kwenye akaunti ya mtandao, Payoneer, benki na kitambulisho cha NIDA liwe moja, herufi kwa herufi. Juma S. Mwaluko na Juma Mwaluko ni watu wawili mbele ya kompyuta, na fedha hukwama hapo.

Kufuatilia mauzo

Hii ndiyo sehemu ya kukalia. Blogu nyingi zinauza bila kujua zimeuza, na siku ya kudai kamisheni, au siku ya kujaza fomu ya tuzo, hazina cha kuonyesha.

Kama muuzaji ana tovuti, kila kiungo chako kibebe nyuma yake alama za UTM (maneno yanayoonyesha mgeni ametokea wapi), kwa mfano:

?utm_source=blogu&utm_medium=makala&utm_campaign=tangi2000

Andika kwa herufi ndogo zote. Takwimu za Google zinahesabu “Tangi” na “tangi” kama vitu viwili tofauti. Alama hizi anaziona mwenye tovuti, siyo wewe, kwa hiyo kwenye mkataba omba ruhusa ya kutazama ripoti zake.

Wauzaji wengi wa Dodoma hawana tovuti, wana WhatsApp. Tumia kiungo cha wa.me chenye namba ya duka ikianzia 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri, na ujumbe ulioandaliwa tayari:

https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari,%20naulizia%20tangi%20lita%202000.%20Msimbo%20MAJI07

Hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza, ujumbe unajiandika wenyewe, duka linauona msimbo. Kila makala iwe na msimbo wake: MAJI07 wa makala ya matangi, MAJI08 wa pampu. Bila hivyo utajua umeuza, hutajua nini kimeuza.

Yanayoharibika ni haya. Mteja anasoma blogu leo, anakwenda dukani kwa miguu Jumamosi, ananunua bila kutaja lolote. Dawa yake ni kumpa sababu ya kutaja: punguzo la Sh 5,000 au usafiri wa bure ndani ya kata fulani kwa mwenye msimbo. Tatizo la pili ni kaunta. Anayeuza hana faida na msimbo wako, kwa nini auandike? Kubaliana na mwenye duka kwamba kijana anapata Sh 1,000 kwa kila msimbo ulioandikwa kwenye risiti. Hela hiyo itoke kwenye kamisheni yako ikibidi, bado utakuwa umepata.

Tatizo la tatu ni la kiufundi na linahusu wauzaji wenye kuki. Mtu anafungua kiungo ndani ya Instagram au Facebook, kivinjari cha ndani ya programu hiyo kinaweka kuki yake peke yake. Baadaye anafungua Chrome na kununua, na huko hana kuki yako. Kwenye iPhone, Safari inafupisha umri wa kuki nyingi hadi siku 7. Tena mitandao mingi inamlipa wakala wa mwisho kubonyezwa: ukimfundisha mnunuzi kwa wiki mbili, kisha dakika ya mwisho akapita kwenye tovuti ya misimbo ya punguzo, hela ni ya huyo wa mwisho. Ukiona mibonyezo mingi na mauzo machache, chunguza hayo kabla hujalaumu makala.

Fungua lahajedwali siku unapochapisha makala ya kwanza. Safu zake: tarehe, msimbo, makala, bidhaa, bei, namba ya risiti, imerudishwa au la, kamisheni inayodaiwa, tarehe iliyolipwa. Kila tarehe 1 ya mwezi piga picha za skrini za Search Console na za takwimu za tovuti, zihifadhi kwenye folda yenye jina la mwezi. Search Console inatunza data ya miezi 16 tu, ukitaka ya nyuma zaidi utakuta imekwenda. Na mara moja kwa mwezi kaa na mwenye duka mlinganishe daftari lake na lako, kabla kumbukumbu hazijapoa.

Makala moja kwa karibu

Chukua kichwa hiki: “Tangi la lita 2,000 linatosha nyumba ya watu watano Dodoma?” Makala ya dalali wa kawaida ingesifu tangi, ikaweka kiungo, ikaisha. Yako ianze na hesabu.

Dodoma inapata wastani wa karibu milimita 570 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120. Zidisha kwa 570 upate lita 68,400, ondoa kama asilimia 20 inayopotea kwa kumwagika na kusafisha paa: zinabaki karibu lita 54,700. Kwa hiyo maji ya mvua yapo. Lakini kiangazi cha Mei hadi Novemba ni siku zaidi ya 200. Familia inayotumia lita 60 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu inahitaji zaidi ya lita 12,000. Tangi la 2,000 litakwisha siku ya 33.

Jibu la kweli basi: tangi hilo ni la kuvushia siku za mgao wa DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, siyo la kukusanyia mvua ya mwaka. Anayetaka la mvua aangalie makubwa zaidi au kisima cha kujengea. Baada ya hapo ndipo unaeleza mengine: tangi jeusi halipitishi mwanga, mwani hauoti, likijaa maji peke yake ni tani 2, hivyo msingi uwe wa zege lililosawazishwa, maana tangi lililokaa juu ya mawe hupasuka chini kwenye kona na dhamana hailipi. Bei uiandike na tarehe uliyoiulizia.

Msomaji aliyeambiwa “hili halikutoshi” anakuamini unapomwambia lipi linamtosha, na mara nyingi anachonunua kina kamisheni kubwa kuliko ulichomkataza.

Tamko la kamisheni likae juu, kabla ya kiungo cha kwanza, kwa maneno ya kawaida: “Ukinunua kupitia viungo vya ukurasa huu, duka linatulipa kamisheni. Bei yako haiongezeki.” Usiseme hiyo sentensi ya pili kama siyo kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Amazon wana maneno yao ya lazima ya kuandika. Kwenye kiungo chenyewe weka rel="sponsored", alama ambayo Google iliileta mwaka 2019 kutofautisha viungo vya biashara.

Makala thelathini za namna hii, zikihakikiwa bei kila baada ya miezi mitatu, zina uzito kuliko mia mbili zilizonakiliwa.

Tuzo

Zipo za aina mbili, na maandalizi yake hayafanani. Za kura zinashindwa na mwenye watu wengi. Za majaji zinashindwa na mwenye ushahidi. Kwenye sekta yetu, mkutano wa Affiliate Summit, ulioanzishwa Marekani mwaka 2003 na Missy Ward na Shawn Collins, ndio ulioanzisha Pinnacle Awards, ambazo zimewahi kuwa na kipengele cha wakala bora na hata cha mwanablogu bora. Uingereza wana Performance Marketing Awards. Jirani Kenya, chama cha wanablogu BAKE kilianza kutoa tuzo za blogu mwaka 2012 kwa mapendekezo na kura za umma. Hizo ni za Wakenya, ila orodha ya vipengele vyake inafaa kuisoma ili ujue majaji wa ukanda huu wanatazama nini.

Chagua kipengele chembamba kuliko vyote unavyostahili. Blogu ya maji ya Dodoma ikiingia “Blogu Bora ya Mwaka” inapotea, lakini ikiingia kampeni bora ya bajeti ndogo au ushirikiano bora wa muuzaji na wakala, ina la kusema. Soma masharti mara mbili: kipindi kinachohukumiwa (mauzo ya nje ya kipindi hicho hayahesabiki), idadi ya maneno, ada ya kuingia, na kama washindi wanalazimika kununua meza ya chakula.

Andika maombi kwa mpangilio huu: hali ilikuwaje kabla, ulitaka nini kwa tarakimu na tarehe, ulifanya nini, matokeo yalikuwaje, na nani anathibitisha. “Tuliongeza mauzo kwa kiasi kikubwa” ni sentensi ya kutupwa kapuni. Andika kama hivi (namba ni za mfano): “Januari duka lilipokea maulizo 12 kwa WhatsApp, hakuna aliyetokea kwenye makala. Hadi Juni, msimbo MAJI07 ulileta maulizo 143 na mauzo 31, marejesho 2.” Marejesho yataje, jaji anayajua yapo. Asilimia usiiandike bila namba zake: kutoka mauzo 1 hadi 4 ni ongezeko la asilimia 300, na kila jaji ameshaiona janja hiyo.

Viambatisho: picha za skrini zenye tarehe, ukurasa mmoja wa lahajedwali, barua ya mwenye duka yenye muhuri inayothibitisha mauzo na kuruhusu yatajwe. Ruhusa hiyo iombe mapema. Wafanyabiashara wengi hawapendi mapato yao yajulikane, na wana haki. Mkishindwana, tumia uwiano, kwa mfano mauzo kwa kila maulizo 100, bila shilingi. Majina na namba za wateja zifiche kwenye kila picha.

Ukiandika kwa Kiingereza kwa tuzo ya nje, eleza mazingira kwa sentensi mbili: kwamba malipo ni ya simu, kwamba duka halina tovuti, kwamba ufuatiliaji umefanywa kwa msimbo kwenye risiti. Jaji wa London hajui, na ukimweleza, kilichoonekana udhaifu kinakuwa ubunifu. Mpe mtu asiyejua kazi yako asome kabla ya kutuma, na tuma siku tatu kabla ya mwisho. Mifumo ya kupokea maombi huelemewa usiku wa mwisho, na umeme nao una mambo yake.

Kwa tuzo za kura, omba kura mara mbili tu kipindi chote: siku ya kufunguliwa na siku mbili kabla ya kufungwa. Ukituma kila siku kwenye makundi ya WhatsApp, utapata kura na kupoteza wasomaji. Usinunue kura. Ongezeko la usiku mmoja linaonekana, na kuenguliwa hadharani kunabaki Google miaka.

Jihadhari na barua pepe inayosema “hongera, umechaguliwa” kwa tuzo ambayo hukuomba. Uliza mambo matatu: majaji ni akina nani, washindi wa mwaka jana ni akina nani, ada ni ya nini. Kama ada inakuja baada ya ushindi, hiyo ni biashara ya vikombe. Nyingine hutuma beji ya kubandika kwenye blogu yenye kipande cha msimbo ndani yake. Kifungue ukisome: mara nyingi kina kiungo cha siri kwenda tovuti wanayoipandisha Google. Ukiamua kuibandika, weka picha pekee, au kiungo chenye rel="nofollow" (alama ya kuiambia Google isikihesabu).

Ukishinda, au hata ukifika fainali, beji iwe na mwaka na kipengele kamili. “Mshindi” bila kusema wa nini ni kumpotosha msomaji. Ikae kwenye ukurasa wa kutuhusu na mwisho wa makala, isizibe bei. Andaa folda ya wanahabari yenye nembo, picha mbili, maelezo ya maneno 100 na namba ya simu ya blogu, uitume kwenye redio za Dodoma wiki hiyohiyo. Kisha chukua fomu yako ya maombi, ileile yenye hesabu, uende nayo kwa muuzaji wa pili na wa tatu. Yule wa kwanza mpe nafasi ya kupandisha kamisheni kabla hujasaini na mshindani wake, na umwambie waziwazi kwamba unazungumza na wengine.